Mvua hiyo inakuja Tabora, anza na bati umalizie na mtaro

Joto la huu mwezi wa kumi mnalionaje jamani? Huku Ipuli saa nane mchana hata kuku wamepanua mbawa chini ya mwembe, vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi, embe changa zinadondoka na watoto wanazimaliza na pilipili kabla hazijafika popote. Sasa huu ndio wakati wenyewe wa kujiandaa, maana ukisubiri wingu jeusi lisimame upande wa bwawa la Igombe ndio ukimbie kutafuta fundi, fundi atakuwa juu ya bati la mwenzio na simu hapokei.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka majirani wananiuliza yale yale, mara nguzo ikilala napiga wapi, mara nani anahusika na mtaro, mara mbolea ya ruzuku wanaandikisha wapi, na mimi mwenyewe mengi nimeyajua baada ya kulowa. Nitaenda kwa kufuata maji, yanapoangukia, yanapopita, yanaposimama.

Kwa waliohamia juzi, watumishi wapya na wanafunzi wa vyuo, huku kwetu hatuna vuli na masika kama Dar au Tanga. Mvua yetu ni moja tu, inaanza Novemba inaisha Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa inaiita mvua za msimu. Tuko kundi moja na Kigoma, Katavi, Rukwa, Singida, Dodoma na mikoa ya kusini. Kwa hiyo ukisikia kwenye redio utabiri wa vuli usianze kupanda mahindi, hauhusiani na wewe, subiri ule wa msimu ambao kwa kawaida wanautoa karibu na mvua zenyewe. Wazee wana utabiri wao, ukitoka na pikipiki njia ya Kipalapala ukaona miombo imetoa majani mekundu mekundu wakati nyasi chini bado zimeungua, hesabu wiki chache tu.

Bati

Panda juu saa moja asubuhi. Sio saa sita, mimi nilipanda saa sita nikashuka na malengelenge ya viganja. Na usikanyage katikati ya bati, kanyaga penye mstari wa misumari maana chini yake kuna papi, zile mbao za kushikilia bati.

Angalia misumari ya kofia mmoja mmoja. Jua la miezi sita linakausha ile raba ya chini ya kofia mpaka inapasuka, na upepo wa Agosti unaung'oa msumari kidogo kidogo, ukiugusa kwa kidole unacheza. Huo ndio mlango wa maji. Kosa la mafundi wengi ni kuugonga tena urudi kwenye tundu lile lile, utakaa mwezi mmoja halafu unalegea tena. Ung'oe, weka mpya ulio mnene zaidi, au piga pembeni kidogo kwenye papi nzima halafu lile tundu la zamani uzibe. Na kabla ya kupaka silikoni au lami sugua kutu kwa brashi ya waya kwanza, ukipaka juu ya kutu umepaka hewa.

Sasa, kujua panapovuja kabla mvua haijaja. Mwaka juzi sebuleni kwangu palikuwa na doa la kahawia kwenye silingibodi, nikaziba bati lililo juu yake kabisa, nikaridhika. Mvua ya kwanza tu maji yakamwagika palepale. Fundi niliyemwita akaziba tena palepale, akachukua hela yake, mvua ya pili hadithi ile ile, na yule fundi akawa kila siku yuko safari. Aliyenisaidia ni mzee jirani yangu, alisimama uani akaangalia juu akasema, "Mwanangu, maji hayaanguki pale yalipoingilia, yanatembea na papi mpaka yachoke." Tukafanya hivi: mimi juu na ndoo na kopo, mke wangu ndani darini na tochi. Unamwaga maji kuanzia chini ya bati, huku ukingoni, unapanda taratibu mstari kwa mstari kuelekea kwenye kofia ya paa kule juu, na kila mstari unasubiri kidogo. Ukianza juu maji yatateremka na kuingia kila tundu kwa pamoja hutajua lipi ni lipi. Tulipofika mstari wa nne nikasikia "hapo hapo hapo!" na tundu lilikuwa karibu mita mbili kutoka lile doa. Tundu lenyewe dogo, hata njiti ya kiberiti ilikuwa haipiti.

Wenye nyumba za matofali mabichi ninyi ndio wa kuangalia zaidi. Hatari yenu sio bati tu, ni yale maji yanayodondoka ukingoni na kuchimba msingi, mwaka wa kwanza kamfereji, mwaka wa tatu tofali la chini limekuwa uji. Panga mawe au kokoto kwenye huo mstari wa matone, sakafia hata kipande chembamba cha kuzunguka nyumba, inua udongo uiname kwenda mbali na ukuta. Na ukiona ukuta una ufa unaopitisha kidole au sehemu ya chini imelowa hadi goti, hamisha vitanda usiku huo huo, msilale upande ule. Kuta hizi huwa zinaanguka usiku, mvua ikiwa imenyesha mfululizo na watu wamelala.

Gata na tanki

Watu tunalalamika maji halafu tunaacha yanamwagika bure. Hesabu ni rahisi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 10 kwa 8 ni mita za mraba 80, ikinyesha milimita 20, ambayo kwa Tabora ni mvua ya kawaida tu ya jioni moja, paa lako limepokea lita 1,600. Hata ukifunga gata, ule mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa bati, upande mmoja ni lita 800, na kidogo zitapotea njiani, lakini tanki la lita 1,000 kwa mvua mbili limejaa na wewe hujalipa uniti hata moja.

Gata iwe na mteremko kuelekea kwenye bomba la kushukia, usiifunge kama rula, maji yakisimama humo ndio kiwanda cha mbu. Mvua mbili za kwanza zitoe nje zote, usiingize kwenye tanki, zinaosha vumbi la miezi sita, majani ya mwembe, kinyesi cha ndege na mijusi iliyokufia huko juu. Kwenye mdomo wa tanki funga wavu, kipande cha chandarua kilichochakaa kinatosha kabisa. Na kabla ya yote ingiza mtoto mwembamba, au wewe kama unaenea, mkasugue tope la chini, wakati tanki liko tupu na mfuniko uko wazi na mtu mzima amesimama pale pale juu muda wote.

Ya kunywa chemsha mpaka yatokote, au weka dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, sawa ni ya mvua, sawa ni ya kisima, na hata ya bomba siku yakija na rangi. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike kwetu watu wamejiachia kidogo, lakini bomba likipasuka kwenye dimbwi barabarani, presha ikishuka, tope linaingia humo humo. Ukiona maji yanabubujika barabarani wapigie TUWASA, mamlaka yetu ya maji, usidhani jirani ameshapiga, jirani naye anadhani wewe umepiga. Na bili yako lipa kwa kontroo namba inayokuja kwenye meseji, mtu akikugongea geti anataka kashi mkononi ili "asikukatie", mwambie aache karatasi.

Choo

Hapa nitasema ukweli tu. Kama shimo lako limebaki futi mbili tatu kujaa, ita gari la kunyonya sasa hivi, mwezi huu, kwa sababu mbili. Moja, mvua ikikolea ardhi inashiba maji, shimo linajaa lenyewe hata kama mnaingia wawili. Mbili, gari lile ni zito na vichochoro vyetu vya Isevya na Ng'ambo vikishalowa haliingii, au linaingia halitoki, na mtaa mzima mtakuja kulisukuma mkiwa mmejaa tope la aina hiyo.

Halafu kuna wale wanaosubiri mvua kubwa usiku wafungulie choo kitapike mtaroni. Mnajijua. Yale maji yanapita kwa mama anayeuza mboga, yanapita kwenye kisima kifupi cha chini kule, watoto wanachezea asubuhi, ikija kipindupindu inaanza hapo. Ukimwona mtu anatapisha choo nenda kwa bwana afya wa kata, na hapa mimi siongei mambo ya ujirani mwema, mripoti.

Mtaro

Mtaro uliopita mbele ya nyumba yako ni wako kuuzoa, hiyo wala hatubishani. Ila kuna namna ya kuzoa. Wengi tunachota lile tope na chupa na mifuko tunalundika pembeni, juu ya ukingo, tunapiga picha tumemaliza. Mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani, tena limelainika. Lisogeze mbali hatua tatu nne, likauke, udongo ufukie mashimo uani, plastiki zitengwe ziende na gari la taka. Anza kuzoa kutoka chini, kule maji yanakokwenda, upande kuja juu, ukianza juu unampelekea mwenzio wa chini zawadi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi nchi nzima, itumieni ya Oktoba kwa mitaro tu, fagio mtafagia Novemba. Sisi mtaani kwetu tuligawana, kila nyumba kumi kipande chao, wanaume wanachimba, kina mama wanasomba, na aliyekosa anatoa hela ya soda. Kuna mzee mmoja kila mwaka mgongo unamuuma Jumamosi hiyo, sasa hivi soda zake tunaziagiza mapema kabisa.

Nani anafanya nini

Hapa ndipo watu wanapozunguka mpaka wanakata tamaa. Barabara ya mtaa wenu imekatika, unakwenda manispaa, unaambiwa sio sisi. Kweli sio wao. Tangu 2017 barabara za mitaa na vijijini na makalavati yake ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kubwa, ile ya kwenda Nzega, ya Urambo, ya Sikonge, hizo ni TANROADS, wakala wa barabara kuu. Taka, masoko, vibali vya ujenzi na mambo ya afya ni manispaa. Bomba la maji ni TUWASA. Nguzo na nyaya ni TANESCO, piga 180. Moto, mtu kazama kisimani au kaangukiwa na ukuta ni Zimamoto na Uokoaji, piga 114, bure, na hii namba wafundishe hata watoto.

Lakini kabla ya kote huko anzia ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti mmemchagua wenyewe, mtendaji ni mwajiriwa, na barua inayotoka kwao na mhuri inatembea kuliko wewe kupiga kelele getini. Ukienda usiende na maneno matupu. Piga picha mbili, moja ya karibu inayoonyesha kalavati lilivyoziba, moja ya mbali inayoonyesha nyumba au duka la kutambulisha mahali. Andika barua ya nusu ukurasa tu, tarehe, mtaa, kata, tatizo nini, linaathiri kaya ngapi, toa kopi, na hiyo kopi igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo wewe. Kopi yenye mhuri ni kitu kikubwa sana. Niliwahi kwenda ofisi moja nikaambiwa hatujawahi kupata malalamiko ya huko, nikaitoa ile karatasi mfukoni, yule dada akasoma tarehe mara mbili halafu akaniambia "kaa kidogo kaka, nimwite mhandisi." Wiki hiyo hiyo walikuja kupima. Kujenga ilichukua muda, sitawadanganya, lakini walikuja.

Miti nayo ina utaratibu. Miembe yetu hii mikubwa ya enzi za misafara ni mali na ni sifa ya mji, lakini ina matawi makavu ambayo upepo wa kwanza wa mvua unayashusha bila kubisha hodi. Tawi la uani kwako likate mwenyewe mapema. Lililoegemea waya wa umeme usiliguse, hata kwa mti mkavu, hata kama kijana wa mtaani anakuambia huwa anafanya, waite TANESCO. Na mti ulio pembezoni mwa barabara anzia kwa mtendaji, usije ukakata ukajikuta unaeleza polisi.

Radi na umeme

Radi ya huku sio ya kuchezea. Ngurumo zikianza chomoa tivii, king'amuzi, friji, na ule waya wa dishi uchomoe pia maana wengi wanachomoa umeme wanaacha dishi. Simu iliyo kwenye chaji usiipokee. Aliye shambani au njiani asikimbilie chini ya mwembe, aingie nyumbani au ndani ya gari, na watoto wasioge mvua ya ngurumo hata walie. Mkae ndani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Waya ukianguka, uwe unatoa cheche au umelala kimya, weka watu mbali hatua kumi na tano na zaidi, hasa kwenye maji, na piga simu.

Nikiwa hapo hapo kwenye umeme, kila mwezi kuna mtu ananiuliza kwa nini uniti zake zimepungua. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kama hukununua umeme miezi mitatu inakusubiri 4,500 kwa mpigo. Hakuna mchawi.

Mbu

Kwenye ule utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa afya na malaria, Tabora ndio iliongoza nchi nzima, watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa asilimia 23 walikuwa na malaria, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8. Yaani karibu mara tatu. Hii namba ningeiandika ukutani pale stendi ningeruhusiwa.

Mbu wa malaria hapendi sana maji machafu ya chooni kama tunavyodhani, anapenda dimbwi safi linalopigwa jua. Kwato za ng'ombe, alama za tairi, na zaidi ya vyote yale mashimo ya kufyatulia matofali ambayo yamejaa pembezoni mwa mji wetu. Ulifyatua kiangazi, ukajenga, shimo ukaliacha, mvua tatu limekuwa bwawa, na watoto nao wanaogelea humo na kuzama. Lifukie, au kama ni kubwa lichimbie njia ya kutolea maji. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja mpaka mbili kutegemea joto, kwa hiyo ukipita kila Jumapili ukamwaga makopo, tairi, vifuu na sahani za kuku unamkuta bado ni kiluwiluwi.

Chandarua chenye dawa kifue kwa upole, kianike kivulini sio juani, kishone tundu na uzi wa kawaida tu. Mjamzito anapewa bure akihudhuria kliniki mara ya kwanza, na mtoto anapewa akienda chanjo ya surua ya miezi tisa, sasa mama usiondoke bila kuuliza. Homa ikishika mtoto msimu huu usianze na panadol siku tatu, peleka zahanati apimwe kile kipimo cha tone la damu, majibu ni dakika kumi na tano hadi ishirini, mkigundua mapema dawa ya mseto inatosha. Degedege, kutapika kila kitu, mtoto kulegea hashiki titi, hapo ni hospitali ya Kitete moja kwa moja, usiku huo huo, bodaboda wapo.

Shamba, bustani na kuku

Wenye mashamba Misha, Ndevelwa, Kakola huko nendeni kwa mtendaji mkahakiki taarifa za ruzuku sasa, mfumo wa mbolea ya ruzuku ulioanza msimu wa 2022/23 unataka uwe umeandikishwa, kitambulisho cha NIDA, namba yako ya simu, na ukubwa wa shamba unalolima kweli. Laini ya simu iwe ni yako, sio ya shemeji, maana namba ya mkulima inakuja kwa meseji na bila hiyo kwa wakala hupewi kwa bei ya ruzuku. Kila mwaka watu wanakumbuka Desemba mtandao umeshaelemewa na foleni imefika barabarani. Mbegu nunua yenye lebo ya TOSCI, wale wathibiti ubora wa mbegu, kwangua ile namba uihakiki kwa simu hapo hapo dukani kabla hujalipa, muuzaji akinuna ujue.

Na mvua ya kwanza ni tapeli. Inakuja na kishindo, siku mbili, halafu inapotea wiki mbili na mbegu zako zimeshachungulia. Chimba kwa mkono, udongo ukiwa umelowa kina cha shibiri nzima ndio panda. Mahindi sentimita 75 mstari hadi mstari, 30 shimo hadi shimo mbegu moja moja, au 60 mbegu mbili mbili. Yakifika magotini pita asubuhi uchungulie kwenye moyo wa mhindi, ukiona unga unga kama wa mbao ujue viwavijeshi vamizi wameingia, mwite bwana shamba mapema. Mjini kati kabla hujapanda mahindi mbele ya nyumba muulize mtendaji kwanza, kuna sheria ndogo za mazao marefu. Mchicha, bamia, matembele hakuna atakayekugusa.

Miche ya miti na matunda panda mvua ikishakolea, ila mashimo chimba sasa, futi mbili kwa mbili, udongo wa juu weka upande wake na wa chini upande wake, wa juu ndio utaurudisha kwanza ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza. Na tafadhali chaneni kiriba. Nimeshang'oa mche wa mwembe uliodumaa miaka miwili nikakuta umepandwa na mfuko wake mweusi, mizizi imejizungusha ndani kama tambi.

Kuku wachanjwe mdondo, yaani kideri, kabla ya mvua. Chanjo ya tone la jicho, tone moja, kuku mzima tu sio anayesinzia, na unarudia kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko ulionao, na kikishachanganywa kinatumika siku hiyo hiyo, kwa hiyo unganeni nyumba tano sita mchange. Tena ndio inavyotakiwa, maana ukichanja wako peke yako na wa jirani wanakohoa juu ya ukuta umefanya kazi nusu.

Safari

Wanaosafiri kwa treni ya reli ya zamani kwenda Dar kati ya Desemba na Aprili wapige simu stesheni kabla ya kufunga mabegi, kipande cha Kilosa hadi Gulwe kina historia ndefu ya kukatwa na mafuriko. Beba matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na maji ya ziada, mtanishukuru.

Uyoga na kumbikumbi

Nimeyaweka mwisho kwa sababu ndio faida yetu ya mvua. Uyoga ukianza kuonekana kwenye mabeseni barabarani nunua kwa mama unayemjua, anayeuokota yeye mwenyewe na anayeula nyumbani kwake. Mambo ya kuchemsha na kitunguu au sarafu uone kama itabadilika rangi ni hadithi, hakuna kipimo cha jikoni kinachotambua sumu. Usiokote usioujua hata kama unafanana. Mtu akiula akaanza kutapika na kuharisha, hata kama ni saa sita au kumi baadaye, mpeleke hospitali na kipande kilichobaki mkibebe, na hata akipata nafuu katikati asirudishwe nyumbani bila daktari kusema, kuna aina zinatulia halafu zinarudi kwenye ini.

Kumbikumbi hawana shida hiyo. Wanatoka jioni au alfajiri baada ya mvua kubwa za mwanzo, siku yenyewe utaijua, hewa imetulia, ardhi inanuka. Zima taa zote ndani, acha moja tu ya nje, chini yake weka beseni pana lenye maji vidole vitatu. Watajimwaga wenyewe. Chuja, weka kwenye kikaango kikavu bila mafuta maana wana yao, moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka mbawa zianze kupeperuka, epua, wape mtu anayejua ungo apepete nje upande upepo unakokwenda. Chumvi kidogo, rudisha motoni dakika mbili. Mama mkwe wangu anaanika wanaobaki juani siku mbili anafungia kwenye kopo, ila kwangu hawajawahi kubaki.